Mfalme Aliyekufa kwa Jina la Danieli

Masomo ya wiki: Mithali 21:1, Danieli 4, 1 Timotheo 2:1-4



Wiki hii nataka tuongee juu ya mtu ambaye wengi wetu tunamjua kwa upande mmoja tu: Kabaka Mwanga wa Buganda. Ukitaja jina lake, mtu anakumbuka moto wa Namugongo, basi. Lakini Mungu hakufunga faili ya huyu mtu pale Namugongo, na ndiyo sababu naandika.

Niungame kwanza. Juni 2024, baada ya ile Jumanne ya tarehe 25 ambayo hakuna mtu wa Nairobi ataisahau, mimi ndiye niliongoza maombi ya Jumatano hapa kwetu Muthangari. Watu walikuja wengi, wengine wakilia. Nikashika maikrofoni nikamwomba Mungu kwa nguvu amwondoe kiongozi fulani, si ofisini tu, amwondoe chini ya jua. Kanisa likaitika amina. Lakini nilipofungua macho niliona upande mmoja wa ukumbi umenyamaza, mikono imekunjwa, maana kati yetu wako waliompigia huyo mtu kura na bado wanampenda.

Baadaye, tukipanga viti, mama mmoja wa kikundi cha maombi, mzaliwa wa Mumias, akaniita kando. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama katika maombi yangu yote niliikumbuka roho ya huyo mtu. Sikuwa na jibu. Akaniambia niende nikasome habari za Mwanga, na nisome mpaka mwisho, nisikomee kwenye moto. Nikasoma. Hiki ndicho nilichopata.

Kijana kwenye kiti

Mwanga alizaliwa karibu mwaka 1868. Baba yake, Kabaka Mutesa wa Kwanza, ndiye aliyewakaribisha wamisionari. Waanglikana walifika 1877, Wakatoliki wakafuata 1879. Mutesa alikufa Oktoba 1884, na Mwanga akakalia kiti akiwa na miaka kama 16. Hebu fikiria hapo kidogo. Umri wa kijana wa sekondari, na mkononi mwake uhai na kifo cha watu.

Alikuwa kijana mwenye hofu. Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia nchi upande wa Tanganyika ya leo, na Buganda kulikuwa na imani ya zamani kwamba watakaoimeza nchi yao watatokea mashariki, kupitia Busoga. Na ndani ya jumba lake mwenyewe, vijana waliomtumikia walikuwa wamempata Mfalme mwingine. Walimheshimu Kabaka, wakamtii kwa kazi zote, lakini alipowataka kwa tamaa zake za mwili walikataa.

Hofu ikichanganyika na hasira, damu inamwagika. Januari 31, 1885, vijana watatu wa Kianglikana waliuawa. Mwaka huohuo, mwezi wa saba, Askofu James Hannington alitoka Rabai kule pwani kwenda Buganda. Alipita nchi ya Wamaasai na ya Wakikuyu, huku kwetu, wakati hakuna mtu aliyejua kwamba kutakuwa na mji unaoitwa Nairobi. Akafika Mumias, akaacha sehemu kubwa ya msafara wake, akasonga mbele na watu kama 50 mpaka Busoga. Yaani aliingia kwa mlango uleule Mwanga aliouogopa. Oktoba 29 aliuawa kwa amri ya Kabaka.

Yusufu Mukasa Balikuddembe, mkuu kati ya watumishi wa jumba la mfalme, alimwambia Mwanga kwamba amekosea kumuua askofu. Novemba 15 naye akauawa. Kisha ikaja Juni 3, 1886, pale Namugongo. Wakatoliki na Waanglikana walichomwa siku moja, mahali pamoja, wakiomba. Mmoja wao, Kizito, alikuwa na miaka kama 14. Kati ya 1885 na 1887, Wakristo 45 wanaokumbukwa kwa majina waliuawa, Waanglikana 23 na Wakatoliki 22.

Sasa swali. Mithali inatufundisha kwamba moyo wa mfalme uko mkononi mwa Bwana kama mifereji ya maji, naye huugeuza anakotaka. Mbona hakuugeuza asubuhi ile ya Juni? Sina jibu rahisi la kuwapa, na mtu akikupa jibu rahisi juu ya moto ule, usilipokee. Lakini hebu angalia lile neno mifereji. Mtu anayemwagilia shamba anajua kwamba maji hayageuzwi kwa kelele. Yanageuzwa kwa jembe, polepole, na mtu aliyesimama mwisho wa shamba anaweza kudhani hakuna kinachotendeka, kumbe maji yako njiani.

Kiti kinapinduka

Mwaka 1888 Mwanga alipanga kuwasafirisha Wakristo na Waislamu hadi kisiwa kimoja ziwani na kuwaacha huko wafe njaa. Siri ikatoka. Wote wakaungana, na Septemba wakamtoa kwenye kiti. Mfalme aliyekuwa akitikisa kichwa na mtu anakufa, sasa yuko kwenye mtumbwi akikimbilia kusini mwa Ziwa Nyanza na watu wachache.

Alipokelewa kwanza na wafanyabiashara Waarabu huko Magu, lakini maisha yakawa ya kuteswa. Akatoroka tena. Alikwenda Bukumbi, karibu na Mwanza, kwenye misheni ya mapadre Wakatoliki. Wapendwa, nisomeeni hapa taratibu. Mtu aliyewachoma wanafunzi wa mapadre alibisha mlango wa mapadre. Wakamfungulia. Wakamlisha, wakamfundisha dini.

Huku nyumbani wale waliomwondoa walikosana. Waislamu wakashika nchi, Kalema akawa Kabaka, na Wakristo wakakimbilia Ankole. Wakiwa huko uhamishoni walimtafuta mfalme wa kurudi naye. Wakamtuma mtu kwa nani? Kwa Mwanga! Kati ya viongozi wao alikuwa Apolo Kagwa, ambaye Mwanga mwenyewe aliwahi kumpiga na kumuumiza wakati wa mateso. Kagwa na wenzake wakapigana, na Oktoba 1889 wakamrudisha Mwanga kwenye kiti. Kagwa akawa Katikiro wake, yaani waziri mkuu.

Hakuna Mkristo aliyesimama Namugongo mwaka 1886 ambaye angeamini kwamba miaka mitatu baadaye waliobaki hai ndio watakaombeba yule mfalme kumrudisha nyumbani.

Kanisa linapata kiti

Ningependa kuishia hapo, tuseme haleluya, twende nyumbani. Lakini yule mama aliniambia nisome mpaka mwisho.

Wakristo walipopata serikali, waligawana vyeo na mashamba, na wakaanza kuchungana. Waprotestanti wakaitwa chama cha Waingereza, Wakatoliki chama cha Wafaransa. Januari 24, 1892, walipigana wenyewe kwa wenyewe pale Mengo, na Kapteni Lugard akawaunga mkono Waprotestanti kwa bunduki ya Maxim. Wale ambao ndugu zao waliungua katika moto mmoja, sasa wanapigana risasi kwa sababu ya viti. Mateso hayakuweza kuwatenganisha. Vyeo vikaweza. Mwaka 1894 Uingereza ikatangaza kwamba nchi iko chini yake, na Mwanga akabaki mfalme wa kuambiwa.

Julai 1897 alitoroka Mengo akaasi. Kwa haki yake, wako Waganda wengi wanaomheshimu kwa hilo, maana alipigania nchi yake isitawaliwe na wageni. Lakini alishindwa. Mwezi uliofuata mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja, akawekwa kuwa Kabaka, na Kagwa, yuleyule aliyemrudisha 1889, akawa mmoja wa walezi wa kiti. Mwanga akaenda kuungana na Kabalega, mfalme wa Bunyoro aliyekuwa adui wa siku nyingi. Aprili 9, 1899, wote wawili walikamatwa huko Lango, na mwishowe wakapelekwa uhamishoni visiwa vya Shelisheli.

Kisiwani

Mwanga aliyetaka kuwatupa Wakristo kisiwani, sasa yeye ndiye yuko kisiwani. Hana jeshi, hana jumba, hana mtu wa kumwogopa. Huko ndiko alikobatizwa. Jina alilopewa ni Danieli.

Mnajua kitabu cha Danieli. Kuna mfalme aliyewasha tanuru na kuwatupa vijana watatu ndani kwa sababu hawakumwinamia. Mfalme huyo huyo baadaye aliondolewa kati ya watu, akaishi kama mnyama wa kondeni, mpaka alipoinua macho yake juu na kumkiri Mungu. Ukiweka maisha ya Mwanga kando ya sura hizo, utaona yanakaribiana. Ila Nebukadreza alirudishiwa kiti chake. Mwanga hakurudishiwa. Na hakubatizwa kwa jina la mfalme. Alibatizwa kwa jina la kijana aliyechukuliwa mateka akatumikia katika jumba la mfalme na kukataa kuacha kuomba. Yaani alibeba jina la mtu wa aina ileile aliyowachoma.

Alikufa Mei 8, 1903, akiwa na miaka kama 35. Mwaka 1910 mwili wake ulirudishwa na kuzikwa Kasubi, Kampala. Kabalega naye alibatizwa huko huko uhamishoni, akaitwa Yohana.

Mimi si hakimu wa moyo wa Mwanga, na damu ya wale vijana haikufutwa na ubatizo wake kana kwamba haikumwagika. Nasema tu kwamba mkono wa Mungu ulikuwa juu ya huyu mtu kwa miaka kumi na tisa, kwenye mtumbwi, kwenye mlango wa misheni, kwenye kushindwa vita, na karibu muda wote huo haukuonekana.

Na sisi je?

Nilisomea biashara chuo kikuu, na kitu kimoja tulichofundishwa ni kwamba vitabu vya hesabu havifungwi kabla mwaka wa fedha haujaisha. Ukifunga mapema utaandika hasara mahali penye mali, au faida mahali penye deni. Jumatano ile ya 2024 mimi nilifunga vitabu vya mtu ambaye Mungu bado anavifanyia kazi. Naona tunafanya hivyo kwa njia mbili.

Kuna wanaomlaani kiongozi. Nawaelewa, nilikuwa mmoja wao. Kusema ovu ni ovu si dhambi. Balikuddembe alimwambia Mwanga ukweli usoni na akalipa kwa maisha yake, na hakuna mahali Mungu anatutaka tunyamaze damu ikimwagika. Lakini kumkemea mtu ni jambo moja, na kuomba apotee ni lingine. Paulo alipomwandikia Timotheo kwamba tuwaombee wafalme, alitaja palepale nia ya Mungu kwamba watu wote waokolewe. Watu wote ni pamoja na yule usiyempenda.

Halafu kuna wanaombariki kiongozi kila akija, eti kwa sababu Mungu ndiye humweka mtu kwenye kiti. Ni kweli Mungu hutawala juu ya viti. Lakini Mungu kumshika mfalme mkononi si sawa na Mungu kukubali kila afanyalo mfalme. Tukielekea uchaguzi wa 2027 watakuja wageni wenye bahasha wakitafuta kusimama madhabahuni. Tukumbuke Mengo. Siku kanisa litakapopenda kiti kuliko linavyopenda nafsi ya anayekikalia, tutapigana sisi kwa sisi, na bunduki zitakuwa za watu wengine.

Kwa hivyo nina jambo la kufanya kabla sijamaliza. Ninyi mliokunja mikono Jumatano ile, sijawahi kuwaomba msamaha. Naomba leo, kwa maandishi, ili nisije nikabadilisha maneno. Niliitumia maikrofoni ya kanisa kupigana vita vyangu, nikawafanya mjisikie wageni katika nyumba ya Baba yenu. Na ninyi mlioitika amina kwa sababu mioyo ilikuwa imevunjika, hiyo machozi Mungu aliiona, wala siwaambii mnyamaze. Nawaambia tuongeze kitu kwenye maombi yetu.

Siku hizi ninapopita njia ya James Gichuru kuja kanisani, nikifika Waiyaki Way naona matrela yanayokwenda Malaba na Uganda, njia ya kuelekea kule Hannington alikokwenda. Hapo huwa namtaja kwa jina yule kiongozi mbele za Mungu. Bado sipendi mengi anayofanya. Lakini sasa naomba pia apate mlango wa kubisha, na watu wa kumfungulia.

Mambo ya kuombea wiki hii:

1. Viongozi wetu, wa chama unachopenda na usichopenda, kila mmoja kwa jina lake na kwa wokovu wake.
2. Familia zilizopoteza vijana wao, Mungu awafariji na haki ipatikane.
3. Ujasiri wa kusema ukweli bila chuki, kazini, nyumbani na kanisani.
4. Umoja wetu hapa Muthangari kabla ya kampeni kuanza.

Tukutane Jumatano. Mungu awabariki.

Mchungaji Msaidizi