Sara Allgood, mama wa jukwaani



Umekwenda kwenye misiba mingapi mwaka huu? Ulimshika mkono mama mfiwa, ukasema pole, ukala chakula cha msibani, jioni ukarudi kwako na usingizi ukaupata. Nami ni hivyohivyo, tena mimi nimezika wengi kuliko wewe. Nauliza kwa sababu ya mwigizaji mmoja wa Ireland, Sara Allgood.

Sara alizaliwa Dublin, baba Mprotestanti na mama Mkatoliki. Usiku wa tarehe 27 Desemba 1904, ukumbi wa maigizo wa Abbey ulipofunguliwa, yeye alikuwa jukwaani. Mwaka 1907 aliigiza mjane Quin katika tamthilia ya Synge iliyowaudhi watu hadi wakafanya fujo ukumbini. Msichana wa kuposwa aliigizwa na mdogo wake, Molly. Sara alipewa wajane, majirani na akina mama, na sauti yake ndiyo iliyosifiwa zaidi.

Mwaka 1916 akiwa Australia na kikundi cha maigizo aliolewa na mwigizaji mwenzake, Gerald Henson. Januari 1918 akajifungua binti, na mtoto akafariki muda mfupi baadaye. Novemba mwaka huohuo ile homa ya mafua iliyoua mamilioni duniani ikamchukua mume wake huko New Zealand. Hakuolewa tena.

Sasa nifuate hadi Machi 1924, Abbey. Ireland imetoka tu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Katika tamthilia ya Sean O'Casey, Sara ni Juno, mke wa mlevi asiyependa kazi. Jirani yake, mama Tancred, anashuka ngazi kwenda kumzika mwanawe aliyeuawa, akimwomba Mungu aondoe mioyo ya mawe na kuwapa watu mioyo ya nyama. Ni maneno ya nabii Ezekieli, unayoyasikia kila Mkesha wa Pasaka. Juno anamhurumia kidogo, kisha nyumbani kwake starehe inaendelea. Baadaye mwanawe Johnny, aliyemsaliti kijana yule wa jirani, naye anauawa. Hapo Juno anakumbuka kwamba hakuumia vya kutosha kwa ajili ya mama Tancred, na anaisali sala ileile.

Sijui moyoni mwa Sara mlikuwa na nini kila usiku alipoisali. Najua tu kwamba alikuwa amekwisha kuzika. Hitchcock alipoifanya filamu tamthilia hiyo mwaka 1930, Juno alikuwa ni yeye.

Mwaka 1940 akahamia Hollywood. Mwaka uliofuata John Ford, mtoto wa wahamiaji wa Ireland, akampa nafasi ya mama wa wachimba makaa ya mawe wa Wales katika How Green Was My Valley; mama anayepanda mlima usiku, kwenye theluji, kuwakabili wagomaji wanaomsema vibaya mumewe. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, lakini ikaenda kwa Mary Astor. Baada ya hapo alipata nafasi ndogondogo, nyingi za akina mama na watumishi.

Alifariki tarehe 13 Septemba 1950, akazikwa katika makaburi ya Kikatoliki ya Holy Cross, Culver City. Katika mojawapo ya filamu zake za mwisho, ya mwaka huohuo, alikuwa mtumishi katika nyumba yenye watoto 12.