Tobias Lowitz, mtu wa famasi aliyegundua nguvu ya makala

Makala ambayo wakaaji wa Butembo na Beni wanapikia yanaweza pia kunasa uchafu. Aliyeonyesha hivyo kwenye maji ni Tobias Lowitz, mzaliwa wa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1757.

Alipelekwa Urusi akiwa mtoto. Mwaka 1774 waasi wa Pugachev walimuua baba yake, mtaalamu wa nyota. Kijana huyo alifanya kazi kwenye famasi ya kifalme, Saint Petersburg. Huko, mwaka 1785, alihangaika na asidi iliyokuwa ikigeuka kahawia. Unga wa makala ulipochanganyika nayo, rangi ikapotea! Baadaye alisafisha kwa makala maji yaliyooza, shida kubwa ya mabaharia wakati ule.

Siri ni vitundu visivyoonekana kwa macho. Leo watafiti wanaviongeza kwa joto kali na mvuke ili vinase hewa ya kaboni, inayozidisha joto duniani. Si lazima kukata mti: maganda ya kahawa na kakao, mazao ya Beni yenyewe, yanafaa kwa bei ndogo.

Lowitz alifariki mwaka 1804, akiwa na miaka 47, karne moja hivi kabla ya viwanda kuanza kutengeneza makala ya aina hiyo.