Fumo Liongo na Kisima Kisichotekeka

Kila nivukapo Mto Tana pale Garsen nikielekea Lamu, humkumbuka Fumo Liongo. Wataalamu hawajaafikiana kuhusu karne aliyoishi, lakini karibu na Kipini, mto unapoingia baharini, wenyeji huonyesha kaburi lisemwalo kuwa lake. Kisa chake kilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870, naye Muhammad Kijumwa akakitungia utenzi mwaka 1913.

Nionavyo mimi, kisa hicho ni sataranji baina ya mabingwa wawili: Liongo, mfuma mishale na malenga, na Sultani wa Pate aliyechelea kunyang'anywa enzi.

Sultani alianza kwa kuwahonga Wasanye na Wadahalo. Hao wakamwalika Liongo katika kikoa cha makoma, ambapo kila mtu hupanda mkoma kwa zamu yake. Azimio lao lilikuwa kumfuma akiwa juu. Liongo aling'amua hila. Akachagua mkoma mrefu, akaliangua shazi kwa mshale, miguu ikiwa ardhini.

Sultani akamtia gerezani. Mamaye akampelekea, kwa mkono wa kijakazi Saada, mkate wa wishwa wenye tupa ndani, nao walinzi hawakuutamani. Liongo akaomba pachezwe gungu, na vishindo vya matoazi vikafunika sauti ya tupa ikikata minyororo. Akatoroka.

Hapo Sultani akasogeza kete ya mwisho: mwana wa Liongo mwenyewe. Alimwahidi binti yake. Kijana akamdadisi babaye hata akajua siri ya kifo chake, kisha akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Liongo akajikokota hadi kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafa vivyo hivyo. Kwa siku kadhaa hakuna aliyethubutu kuteka maji, wakidhani yu hai.

Basi nani alishinda? Kijana hakumpata bibi arusi, na Sultani alibaki na mji wenye kiu.

Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, Wapokomo na Waorma waliuana katika eneo hili kwa sababu ya ardhi, malisho na maji. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Vijana wa Garsen hawana budi kukikumbuka kisima kile. Anayekuahidi makuu ili umchome jirani yako amekufanya kete, na kete haigawiwi ushindi.