Bob Marley: Si mpira uliomuua, ni saratani chini ya ukucha

MWANAMUZIKI wa reggae, Robert Nesta Marley, alifariki dunia Mei 11, 1981 mjini Miami, Marekani, akiwa na umri wa miaka 36 tu. Vijiweni imezoeleka kusemwa kuwa aliuawa na mpira wa miguu. Si kweli.

Marley, aliyezaliwa Februari 6, 1945 katika kijiji cha Nine Mile, Jamaica, alipenda soka karibu sawa na muziki. Mwaka 1977, akiwa Ulaya katika ziara ya albamu ya Exodus, aliumia uwanjani kidole gumba cha mguu wa kulia. Kidonda hakikupona. Uchunguzi ukabaini melanoma, saratani ya ngozi inayoanzia kwenye chembe hai zinazotengeneza rangi ya mwili, na ambayo husambaa haraka.

Kwa watu weupe, kisababishi kikubwa cha ugonjwa huo ni miale ya jua. Mtu mweusi hulindwa na rangi yake, lakini akiupata, mara nyingi hutokea pasipopigwa na jua: kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha. Huko ndiko hupuuzwa. Baka jeusi hudhaniwa ni damu iliyovilia, au fangasi, na mgonjwa hufika hospitali akiwa amechelewa.

Tiba ya msingi, wakati ule na hata leo, ni kuikata mapema pamoja na sehemu ya nyama nzima inayoizunguka. Inaelezwa kuwa Marley alishauriwa kidole kikatwe, akakataa kwa sababu ya imani yake ya Rastafari. Alikubali kuondolewa ukucha na nyama ya chini yake, akapandikizwa ngozi iliyotolewa pajani. Dawa za kisasa za kuamsha kinga ya mwili dhidi ya melanoma, zilizoanza kuidhinishwa mwaka 2011, hazikuwapo.

Alirudi jukwaani. Aprili 1980 alitumbuiza Salisbury, sasa Harare, katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Septemba mwaka huo alianguka akikimbia katika bustani ya Central Park, New York. Saratani ilikuwa imefika kwenye ubongo. Hata hivyo, siku chache baadaye aliimba Pittsburgh, onyesho lake la mwisho. Miezi ya matibabu nchini Ujerumani haikumsaidia, na kifo kilimkuta njiani akirejea Jamaica.

Alizikwa Nine Mile, pamoja na gitaa lake.