Blagoje Vidinić, kocha wa Léopards aliyeitwa msaliti



Hapa Kasumbalesa fainali ya 1974 kati yetu na Zambia bado ina joto. Waumini wangu wengi wana mashemeji ng'ambo ya kizuizi, na wazee wakianza kuisimulia, chai inapoa. Kila mmoja anamtaja Ndaye Mulamba. Kocha hatajwi, ama anatajwa kwa ubaya.

Blagoje Vidinić alizaliwa Skopje, Yugoslavia, mwaka 1934. Alikuwa golikipa. Alipata medali ya fedha katika Olimpiki za Melbourne 1956, na ya dhahabu Roma 1960. Akamalizia kucheza kwake Marekani, kisha akashika kazi ya ukocha. Mwaka 1970 aliipeleka Morocco kwenye Kombe la Dunia kule Mexico, na sare yao ya 1-1 na Bulgaria ndiyo ilikuwa pointi ya kwanza ya Afrika katika mashindano hayo.

Halafu akaja kwetu, siku zile za Zaire. Desemba 1973, mjini Kinshasa, vijana wake waliifunga Morocco ileile 3-0, wakawa timu ya kwanza ya kusini mwa Sahara kwenda Kombe la Dunia. Machi 1974 ikawa zamu ya Zambia, huko Cairo. Mechi ya kwanza iliisha 2-2, Zambia ikisawazisha dakika za mwisho kabisa za nyongeza. Siku mbili baadaye wakarudiana, tukashinda 2-0. Mabao yetu yote manne ni ya Ndaye.

Miezi mitatu tu baadaye, Juni 18, kule Gelsenkirchen, Ujerumani, mpinzani alikuwa Yugoslavia, nchi aliyozaliwa kocha. Mambo ya posho yalikwisha kuvunja moyo wa wachezaji. Mabao matatu yaliingia upesi, na dakika ya 21 Vidinić akamtoa Kazadi Mwamba, golikipa wa Mazembe, mtoto wetu wa Katanga, akamwingiza Tubilandu. Mechi ikaisha 9-0. Maneno yakaenea: mzungu ameuza mechi kwa ndugu zake.

Baadaye Vidinić alieleza kwamba afisa mmoja wa wizara ya michezo ndiye aliyemwamuru amtoe Kazadi. Mimi nilikuwa sijazaliwa, siwezi kuapa kwa ajili yake. Lakini naishi mpakani, na najua jinsi mgeni anavyotafutwa kwanza kitu kikipotea. Aliyetuletea kombe Machi aliitwa mtu wetu. Juni tukakumbuka pasipoti yake. Wahubiri tunapenda kusimulia Yusufu aliyesingiziwa katika nchi ya watu. Sisemi Vidinić alikuwa Yusufu. Yeye alitii, na kwa maoni yangu hapo alikosea: benchi lilikuwa lake, na aliyelipa kwanza ni Kazadi, aliyetolewa mbele ya dunia nzima, kisha Tubilandu, aliyeingizwa motoni bila hatia.

Baada ya hapo Vidinić aliifundisha Kolombia, na alifariki Strasbourg, Ufaransa, Desemba 2006. Kabla ya kuondoka Ujerumani ilibaki mechi moja, na Brazil, mabingwa wa dunia. Tulifungwa 3-0. Golini siku ile alisimama Kazadi.