Tabibu Reginald Hamlin
Tabibu huyu alizaliwa New Zealand mwaka 1908. Katika mwaka 1959 yeye na mkewe Catherine, naye tabibu wa wanawake, waliwasili Addis Ababa, Uhabeshi, kuwafundisha wakunga. Huko wakawakuta wanawake wanaovujwa na mkojo usiku na mchana, wameachwa na waume zao.

Maradhi hayo ni nasuri. Kibofu na uke vimetengwa na ukuta mwembamba tu. Uchungu ukidumu siku nyingi, kichwa cha mtoto huubana ukuta huo juu ya mfupa wa kinena, damu isipite, nyama ikafa, pakabaki tundu. Kulishona si kama kushona kanzu: mirija itokayo mafigoni huenda ikapita ukingoni mwake, na mwenye kuifunga bila ya kujua huliua figo. Kwa hivyo Hamlin, naye amekwisha pita miaka 50, alirudi kusoma kama mwanafunzi. Mwaka 1969, pamoja na mwenziwe Nicholson, alieleza namna ya kuiunda upya njia ya mkojo iliyoharibika yote.

Alifariki mwaka 1993. Mamitu Gashe, aliyeletwa kwake akiwa mgonjwa, wala hakupata kusoma shule, alijifunza kwake kushona nasuri, akawa mpasuaji mashuhuri.