Milima ya Alps haikumuweza Coppi, malaria ikamuweza

TUANZE na habari ambayo shabiki wa soka anaijua. Mei 4, 1949, ndege iliyobeba kikosi cha Torino, mabingwa wa Italia, ilijibamiza kwenye kilima cha Superga, nje kidogo ya jiji la Turin. Watu 31 walikufa na karibu kikosi kizima kikaisha siku hiyohiyo.

Wiki tano baadaye Italia ilikuwa bado inalia. Ndipo Giro d'Italia, mashindano ya baiskeli ya kuizunguka nchi, yakafika kwenye milima ya mkoa huohuo wa Piemonte.

Juni 10 asubuhi wakali wote waliondoka mji wa Cuneo kwenda Pinerolo. Umbali ni kilomita 254, na katikati imesimama milima mitano: Maddalena, Vars, Izoard, Montgenèvre na Sestriere. Usifikirie lami ya leo. Njia nyingi za huko juu zilikuwa vumbi na kokoto, mvua ikinyesha ni tope tupu. Unapita vijiji vidogo vya wafugaji, kisha miti inaisha, unabaki wewe na mawe. Izoard peke yake iko mita 2,360 kutoka usawa wa bahari, na ukikaribia kileleni ni miamba mitupu, utadhani umefika mwezini.

Kwenye mlima wa kwanza tu, jamaa mmoja mwembamba akachomoka. Zilikuwa zimebaki kilomita 192. Kwa hesabu za kawaida huo ni wazimu, ni sawa na timu kupeleka wachezaji wote mbele dakika ya kwanza na kubaki hivyo mpaka filimbi ya mwisho. Alipanda peke yake, akashuka peke yake, akapanda tena. Mtangazaji wa redio, Mario Ferretti, alipofungua matangazo alieleza kuwa mbele kuna mtu mmoja tu, na jinsi alivyolisema jambo hilo Waitalia wanaikumbuka mpaka leo.

Aliyeshika nafasi ya pili aliingia Pinerolo dakika 11 na sekunde 52 baadaye. Naye hakuwa mtu wa kubezwa. Alikuwa Gino Bartali.

Huyo wa kwanza ndiye Fausto Coppi.

KIJANA WA BUCHA

Alizaliwa Septemba 15, 1919 Castellania, kijiji cha wakulima kwenye vilima vya Piemonte, mtoto wa nne kati ya watano. Shule haikumkaa. Akiwa bado kijana mdogo alipata kazi kwenye bucha moja mjini Novi Ligure, kazi yake kupeleka nyama na soseji kwa wateja kwa baiskeli. Ukiijua ile barabara ya kutoka kijijini kwao hadi mjini, kupanda na kushuka, utaelewa kuwa mazoezi yalianza kabla hajajua kama ni mazoezi. Ami yake, baharia, ndiye aliyemsaidia kupata baiskeli ya maana.

Aliyemgundua ni Biagio Cavanna, mchua misuli ambaye alikuwa kipofu. Ndiyo, kipofu. Mzee huyu alimsoma kwa vidole: akashika mapaja, mgongo na kifua, akajua hapa kuna kitu. Kuna maskauti wenye macho mawili mazima ambao hawajawahi kuokota mchezaji wa namna hiyo.

Mwaka 1940 Coppi alisajiliwa na timu ya Legnano kumsaidia staa wao, Bartali. Kazi ya msaidizi ni kubeba maji, kukinga upepo na kumpa bosi baiskeli yako akipata pancha. Mambo yakageuka mapema: Bartali aligongana na mbwa, akaanguka, akaumia. Dogo akaachiwa nafasi. Kwenye milima ya Abetone, mvua inanyesha, aliwaacha wenzake kwenye mataa na baadaye akatwaa ubingwa wa Giro akiwa na miaka 20. Mpaka leo hajapatikana bingwa mdogo kuliko yeye.

Siku moja tu baada ya mashindano kumalizika, Italia iliingia vitani.

Vita ilimlia miaka yake mizuri. Novemba 1942, kwenye uwanja wa Vigorelli jijini Milan, aliweka rekodi ya dunia ya saa moja, zaidi ya kilomita 45, rekodi iliyokaa mpaka 1956. Kisha jeshi likampeleka Tunisia, na Aprili 1943 Waingereza wakamteka. Alirudi nyumbani 1945, na mwaka uliofuata alishinda Milan-San Remo kwa kumwacha wa pili dakika 14. Dakika 14 bwana! Wa pili angeweza kusimama akanywa kahawa na bado asingebadilisha kitu.

NCHI MBILI NDANI YA NCHI MOJA

Hapa ndipo mtu wa Simba na Yanga atajisikia nyumbani. Italia ya baada ya vita iligawanyika. Bartali alikuwa mzee wa kanisani, mtu wa mambo ya kale, na wazee walimpenda. Coppi alionekana mtu wa zama mpya: alihesabu chakula, alipanga mazoezi na alijali vifaa kuliko yeyote kabla yake. Baba yuko kwa Bartali, mtoto yuko kwa Coppi, mezani hawasemezani.

Wenyewe walifika mbali. Kwenye mashindano ya dunia ya 1948 nchini Uholanzi walikuwa timu moja, wamevaa jezi ya taifa, lakini kila mmoja akabaki kumvizia mwenzake asishinde. Mwisho wa siku wote wawili wakaacha mbio. Shirikisho lao likawafungia, na mimi naona lilifanya sawa.

Mwaka 1949 kocha Alfredo Binda akawakalisha chini kwa ajili ya Tour de France. Coppi alianguka mapema, akajikuta nyuma kwa zaidi ya nusu saa na alitaka kurudi nyumbani. Wakambembeleza, akabaki. Njia ilipoingia Alps, yeye na Bartali walipanda Izoard pamoja siku Bartali anatimiza miaka 35, na Bartali akashinda hatua hiyo. Kesho yake Bartali akapata matatizo njiani, Coppi akaendelea, akalichukua taji. Akawa mtu wa kwanza kushinda Giro na Tour ndani ya mwaka mmoja.

Ipo picha ya Tour ya 1952: wawili hao mlimani, chupa ya maji iko mkononi kwa mmoja inakwenda kwa mwingine. Nani alimpa nani? Waitalia wamebishana miaka yote hiyo, na kijiwe hakijafunga.

Mwaka huohuo wa 1952 ndipo Tour ilipopanda Alpe d'Huez kwa mara ya kwanza. Coppi alishinda. Aliimaliza Tour ile akiwa mbele kwa zaidi ya dakika 28, hadi waandaaji wakaongeza zawadi ya mshindi wa pili ili watu waendelee kushindana. Mwaka 1953 Giro ikapita Stelvio kwa mara ya kwanza, barabara yenye kona 48 kali upande mmoja, kilele kikiwa juu ya mita 2,700. Mswisi Hugo Koblet alikuwa na jezi ya pinki na alionekana ameshamaliza kazi. Coppi akamvua huko juu. Hiyo ilikuwa Giro yake ya tano, na leo sehemu ya juu kuliko zote kwenye njia ya Giro kila mwaka inaitwa kwa jina lake, Cima Coppi.

Nje ya barabara hakuwa na bahati hiyo. Mdogo wake Serse, naye mwendesha baiskeli, alianguka Turin Juni 1951, akainuka, akamaliza mbio, jioni akafa. Kisha yakaja mapenzi na mke wa mtu, Giulia Occhini, wakati uzinzi ulikuwa kosa la jinai Italia. Walipelekwa mahakamani, magazeti yakawala nyama. Miguu nayo ikazeeka, lakini hakuacha.

SAFARI YA UPPER VOLTA

Desemba 1959 Coppi, miaka 40, alikwenda Upper Volta, nchi ambayo leo ni Burkina Faso. Walikuwa kundi la mastaa, akiwemo Jacques Anquetil na rafiki yake Mfaransa Raphaël Géminiani. Walikimbia Ouagadougou, wakaenda kuwinda. Coppi na Géminiani walilala chumba kimoja, na mbu waliwatafuna usiku kucha.

Msomaji wa Ifakara au Kigoma ameshajua kinachofuata.

Walirudi Ulaya kabla ya Krismasi. Siku chache baadaye wote wawili wako kitandani: homa, baridi, kutetemeka. Ufaransa, damu ya Géminiani ilipelekwa Taasisi ya Pasteur, majibu yakarudi: malaria kali. Akapewa kwinini. Watu wa kwake wakapiga simu Italia kuwaambia wanaomtibu Coppi wapime ugonjwa huo. Hawakusikilizwa. Madaktari wale walishikilia kuwa tatizo ni kifua, wakaendelea na dawa zao. Dawa yenyewe ilikuwepo tangu enzi za mababu zao, na Italia si nchi ngeni kwa malaria, ilikuwa nayo kwa karne nyingi.

Januari 2, 1960, asubuhi, Coppi alifariki kwenye hospitali ya mji wa Tortona. Alikuwa ameshasaini mkataba wa msimu mpya na timu ya San Pellegrino, ambayo bosi wake alikuwa Gino Bartali.

Maelfu ya watu walipanda kilima cha Castellania kwa miguu kumzika. Amelala pale na Serse. Kijiji chenyewe kina watu wasiofika mia moja, na tangu 2019 kinaitwa Castellania Coppi.

Géminiani alipoteza fahamu kwa siku kadhaa, kisha akapona. Alifariki 2024, akiwa na miaka 99.